Ramani Mfukoni: Zana za Kidijitali Zisizohitaji Intaneti Katika Utafiti wa Nyanjani

Ikisiri

Wanafunzi wengi wa Kiswahili na wa taaluma za jamii hurejea kutoka nyanjani wakiwa na sauti zilizorekodiwa, hojaji zilizojazwa na daftari la maelezo, lakini wasiweze kueleza kwa usahihi data hizo zilitoka wapi. Makala haya yanaeleza jinsi simu ya mkononi inavyoweza kutumiwa kama ramani na kama daftari la mahali hata pale ambapo mtandao haufiki. Yanafafanua kanuni ya kazi ya zana hizo, yanapendekeza hatua za maandalizi kwa mfano wa utafiti wa lahaja za pwani ya kusini ya Kenya, na kubainisha makosa yanayoweza kuharibu data. Hoja kuu ni kwamba kufanya kazi nje ya mtandao si njia ya kuziba pengo la mawimbi ya simu tu. Ni njia pia ya mtafiti kubaki na mamlaka, na kwa hivyo dhamana, juu ya siri za mahali alizokabidhiwa na jamii.

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni ni kuku mweupe. Mtafiti aingiapo kijijini huonekana na kila mtu, huulizwa atokako na aendako, na hutegemea hisani ya wenyeji kumwonyesha njia. Akiondoka, wenyeji hubaki na kumbukumbu ya mahali alipoketi na aliyezungumza naye. Ajabu ni kwamba mtafiti mwenyewe mara nyingi husahau. Katika tasnifu yake huandika tu kuwa utafiti ulifanywa katika Kaunti ya Kwale, kana kwamba maelezo hayo yanatosha.

Kaunti ya Kwale ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Ndani yake mna wasemaji wa Kivumba huko Vanga na Wasini, wasemaji wa Chifundi katika maeneo kama vile Funzi, na wasemaji wa Chidigo, Chiduruma na Kikamba. Neno lililosikika Vanga haliwezi kufasiriwa sawasawa na neno lililosikika Kinango. Msomaji asiyeelezwa tofauti hiyo hana njia ya kuikagua data, na mtafiti wa kizazi kijacho hana njia ya kurudi pale pale ili kuona kama lugha imebadilika.

Sababu inayotolewa sana ni kuwa vifaa vya kupima mahali ni ghali, na kwamba ramani za simu hazifanyi kazi bila bando. Sababu ya kwanza ilikuwa na uzito zamani. Ya pili ni dhana potovu. Makala haya yanadhamiria kuiondoa dhana hiyo, na kisha kuonyesha kuwa urahisi wa zana hizi huleta jukumu ambalo mtafiti hawezi kulikwepa.

Ramani Katika Utafiti wa Jamii na Lugha

Kuchora ramani ili kuielewa jamii si jambo la jana wala juzi. Mnamo mwaka 1889 Charles Booth alianza kuchapisha ramani za umaskini jijini London, ambamo mitaa ilipakwa rangi kulingana na hali ya maisha ya wakazi wake. Katika isimu, Jules Gilliéron alimtuma Edmond Edmont kukusanya maneno ya lahaja katika vituo 639 kati ya mwaka 1897 na 1901. Edmont alisafiri kwa baiskeli na kuuliza maswali yale yale kila alikofika, na majibu aliyoyakusanya yakachapishwa kuwa atlasi ya lugha ya Ufaransa kati ya mwaka 1902 na 1910. Thamani ya kazi hiyo haikutokana na wingi wa maneno pekee. Ilitokana na ukweli kwamba kila neno lilifungwa kwenye kituo chake.

Kwa upande wa Kiswahili, C. H. Stigand alichapisha mwaka 1915 kitabu kuhusu tofauti za lahaja, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch wakaichunguza historia ya lugha za Kisabaki katika kitabu chao cha mwaka 1993. Hata hivyo, ramani za lahaja ambazo mwanafunzi hukutana nazo vitabuni aghalabu ni za kipimo kidogo. Jina la lahaja huandikwa juu ya kipande kizima cha pwani, na msomaji huachwa akidhani kuwa kila aishiye hapo huzungumza namna moja.

Kwamba kazi ya ramani inaweza kufanywa na watu wa kawaida kwa vifaa vya bei nafuu kulidhihirika nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2009. Mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, uliwafunza vijana wa Kibera kutumia vipokezi vidogo vya GPS kurekodi njia, shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji. Hadi wakati huo, mtaa huo ulikuwa karibu doa tupu katika ramani zilizopatikana kwa umma. Mahali pasipopimwa hujazwa makisio: ilikuwa imezoeleka kutajwa kuwa Kibera ina watu hadi milioni moja, ilhali sensa ya mwaka huo wa 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Vijana hao waliweka data zao katika OpenStreetMap, ramani huria ya ulimwengu iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuipakua. Ramani hiyo ndiyo msingi wa zana nyingi zitakazotajwa hapa.

Jinsi Simu Inavyojua Mahali Bila Intaneti

Ili kuelewa kwa nini intaneti si lazima, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watumiaji wengi huyachanganya: kujua mahali na kuonyesha ramani ya mahali hapo.

Kujua mahali ni kazi ya setilaiti. Mfumo wa GPS wa Marekani una setilaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila setilaiti hutangaza wakati na mahali ilipo. Kipokezi kilicho ndani ya simu husikiliza matangazo hayo, hupima muda ambao kila moja limechukua kufika, na kutokana na setilaiti nne au zaidi hukokotoa kilipo. Mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na simu nyingi za siku hizi husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. La kuzingatia ni kuwa simu hapa ni sawa na redio: inapokea tu, haitumi kitu wala haitozwi senti. Hata ikiwekwa katika hali ya ndegeni, simu nyingi huendelea kupokea matangazo ya setilaiti.

Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani iliharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi yaliyotumiwa na raia, hivi kwamba kosa liliweza kufika mita 100. Baada ya uamuzi huo kuondolewa, usahihi uliimarika mno. Simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi sasa huweza kukadiria mahali kwa kosa la mita tano hivi. Chini ya mikoko, ndani ya nyumba au katikati ya majengo marefu, kosa huongezeka.

Kuonyesha ramani ni jambo jingine. Barabara, majina ya vijiji na mito havitoki kwa setilaiti. Ni picha au data zinazohifadhiwa kwenye tarakilishi za mbali na kuletwa kwa intaneti, isipokuwa ziwe zimekwisha kupakuliwa. Ndiyo maana mtu aliye mahali pasipo na mtandao huona nukta ya buluu juu ya ukurasa mtupu: simu inajua alipo, lakini haina ramani ya kumwonyesha. Dawa yake ni kuibeba ramani kabla ya kuondoka.

Zana na Matumizi Yake

Zana zinazofaa ni nyingi, lakini zinaweza kugawika katika makundi manne kulingana na kazi.

Kundi la kwanza ni la programu za kutafuta njia na kuweka alama, kama vile OsmAnd na Organic Maps. Hizi hupakua ramani ya nchi au eneo zima kutoka kwa data za OpenStreetMap. Mtafiti anaweza kutafuta kijiji, kuona njia za miguu, kuweka alama mahali alipofanya mahojiano na kuzitoa alama hizo kama faili ya kuhamishia kwenye tarakilishi.

Kundi la pili ni la hojaji za kidijitali, kama vile ODK Collect na KoboCollect. Mradi wa ODK ulianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, na KoboToolbox imejengwa juu ya msingi wake. Katika programu hizi, mahali huwa swali moja miongoni mwa maswali ya hojaji. Mtafiti huandika umri, jinsia na majibu ya mhojiwa, hurekodi sauti, kisha hubonyeza ili mahali pachukuliwe. Kila kitu hukaa ndani ya simu hadi atakapoamua kukituma.

Kundi la tatu ni la programu za ramani za kitaalamu. QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutumiwa bila malipo kwenye tarakilishi kuchora na kuchanganua ramani. Mwenziwe QField huibeba ramani hiyo hiyo kwenye simu, ili mtafiti aongeze nukta, mistari na maeneo akiwa nyanjani. Kundi hili huhitaji mafunzo zaidi, lakini ndilo linalowafaa wanaotaka kuchora mipaka ya lahaja wenyewe.

Kundi la nne huenda likawashangaza wapenzi wa teknolojia: ni karatasi. Huduma ya Field Papers humwezesha mtafiti kuchapisha ramani ya eneo, kuandika juu yake kwa kalamu pamoja na wenyeji, kisha kuipiga picha na kuirejesha kwenye tarakilishi, ambako alama za pembeni huisaidia kuwekwa mahali pake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Betri ya simu huisha, skrini huvunjika, na wazee watano hawawezi kuizunguka skrini ndogo kwa raha. Karatasi kubwa ikitandikwa mkekani, kila mtu huweka kidole chake na mjadala huanza.

Maandalizi Kabla ya Safari: Mfano wa Pwani ya Kusini

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi anayetaka kuchunguza jinsi Kimvita, Chifundi na Kivumba vinavyopakana kusini mwa Mombasa, kuanzia Gazi hadi Vanga. Anakusudia kuwauliza wahojiwa orodha ya maneno na kurekodi masimulizi mafupi. Mwishowe anataka kuchora isoglosi, yaani mistari inayotenganisha maeneo yanayotofautiana kwa matamshi au msamiati. Kazi yake inaweza kupangwa kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, apakue ramani akiwa chuoni, mahali penye intaneti ya uhakika. Kama anatumia ramani zinazoundwa kwa vigae vya picha, ni muhimu afahamu kuwa kila kiwango cha ukaribu huzidisha idadi ya vigae mara nne. Kigae kimoja cha kiwango cha 12, ambacho karibu na ikweta hufunika upana wa kilomita kumi hivi, huzaa vigae 256 kufikia kiwango cha 16. Anayejaribu kupakua pwani nzima kwa ukaribu wa juu kabisa atajaza kumbukumbu ya simu bila faida. Inatosha kuchukua eneo zima kwa ukaribu wa wastani, na vijiji vya utafiti pekee kwa ukaribu mkubwa. Aidha, seva kuu za OpenStreetMap haziruhusu vigae vipakuliwe kwa wingi, hivyo ni bora kutumia programu zinazotoa faili zake maalumu.

Pili, azijaribu zana zote katika hali ya ndegeni kabla ya kusafiri. Jaribio hili ni la dakika chache, nalo hufichua mapema ramani ambayo haikupakuliwa kikamilifu au hojaji ambayo haifunguki.

Tatu, aunde hojaji inayotofautisha mahali pa aina tatu: mahali mahojiano yalipofanyika, mahali mhojiwa alipozaliwa, na mahali alipoishi muda mrefu zaidi. Umuhimu wa jambo hili utafafanuliwa baadaye.

Nne, apange nishati. Kutafuta mawimbi ya mtandao uliofifia hula betri upesi, kwa hivyo hali ya ndegeni husaidia hapa pia. Betri ya akiba ya kuchajia ni ya lazima.

Tano, apate vibali. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI chini ya sheria ya mwaka 2013, lakini ruhusa ya karatasi haiondoi haja ya kubisha hodi kwa chifu, kwa mzee wa kijiji na kwa wenye nyumba. Mwanafunzi anayetembea akiitazama simu na kuweka alama huweza kushukiwa kuwa anapima mashamba ya watu. Katika pwani ya Kenya, ambako migogoro ya umiliki wa ardhi ina historia ndefu, tuhuma hiyo si ndogo. Yafaa simu ionyeshwe wazi, na maana ya kila nukta ielezwe kabla haijawekwa.

Akifika, asubiri nje ya nyumba hadi programu ionyeshe kiwango cha kosa kinachokubalika. Mara ya kwanza simu inapowashwa bila msaada wa mtandao, huenda ikachukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti. Papara ya hapa hugeuka nukta iliyotupwa baharini.

Makosa Yanayoharibu Data

Kosa la kwanza ni kugeuza mpangilio wa nambari za mahali. Latitudo hueleza umbali wa kaskazini au kusini mwa ikweta, na longitudo hueleza umbali wa mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich. Jiji la Mombasa liko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Mtu akizigeuza, Mombasa huhamia Uhispania, si mbali na mji wa Toledo. Akiisahau alama ya kutoa, Mombasa huvuka ikweta na kuangukia kusini mwa Ethiopia. Makosa haya huonekana upesi iwapo mtafiti ataitazama ramani yake kila jioni. Huwa vigumu kuyarekebisha akigundua baada ya miezi mitatu.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua. Ramani za zamani za Idara ya Upimaji ya Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilitumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi wa WGS 84. Nambari zile zile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 ardhini. Umbali huo unatosha kukihamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Anayelinganisha ramani ya karatasi na nukta za simu hana budi kuandika ni msingi upi uliotumiwa.

Kosa la tatu ni kuamini tarakimu nyingi. Simu huweza kuonyesha tarakimu saba za desimali, ingawa tarakimu ya tano pekee huwakilisha takriban mita moja. Iwapo kosa la kipokezi ni mita tano, tarakimu zinazozidi hapo ni pambo.

Kosa la nne ni kutohifadhi nakala. Simu hupotea, huibwa na huanguka majini kutoka kwenye mashua. Kila jioni data zinafaa kunakiliwa kwenye kifaa cha pili kilichofungwa kwa nenosiri, na nambari za mahali kuandikwa pia katika daftari.

Nukta Si Lahaja

Ramani iliyochorwa vizuri ina ushawishi mkubwa, na hapo ndipo hatari ya kitaaluma ilipo. Chukuliwe kuwa mtafiti wa mfano uliotajwa ameuliza neno la kiungo cha kuonea. Katika nyumba moja anajibiwa "mato", kama ilivyo katika Kimvita, na katika nyumba ya pili "macho", kama ilivyo katika Kiunguja na Kiswahili sanifu. Akiweka nukta mbili za rangi tofauti na kupitisha mstari kati yake, atakuwa amechora mpaka. Lakini huenda aliyesema "macho" ni mwalimu aliyezaliwa papo hapo na aliyejibu kwa lugha ya shule kwa kuwa alimwona mgeni. Huenda aliyesema "mato" aliolewa kutoka Mombasa miaka miwili iliyopita. Nukta zote mbili ni sahihi kwa mita tano, na mpaka wenyewe ni wa uongo.

Lugha haikai ardhini. Hukaa kwa watu, na watu huhama, huoa, husoma na hubadilisha usemi kulingana na anayewasikiliza. Hii ndiyo sababu ya kutofautisha mahali pa mahojiano, pa kuzaliwa na pa makazi. Nukta ijibu swali la wapi. Maswali ya nani, lini, mbele ya nani na kwa nini yabaki kuwa kazi ya mahojiano na uchunguzi wa kiisimujamii. Pale ambapo nyumba moja ina lahaja mbili, ramani iruhusiwe kuonyesha mchanganyiko huo badala ya kulazimishwa kuchagua rangi moja.

Siri ya Mahali na Dhamana ya Mtafiti

Ramani za kijamii hazifanani kwa makusudi. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, jukwaa la Ushahidi liliundwa ili wananchi waripoti matukio ya vurugu na ripoti hizo ziwekwe kwenye ramani ya wazi. Lengo lake lilikuwa kuonekana. Vivyo hivyo, Kibera ilinufaika kwa kuonekana. Lakini ghasia hizo hizo zilidhihirisha jinsi ilivyo hatari kujulikana nani anaishi wapi na anazungumza lugha gani. Ramani ya lahaja au ya lugha mama, ikiwa na nukta juu ya kila nyumba, ni orodha ya makabila iliyovaa joho la usomi.

Sheria inatambua hatari hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiweka asili ya kikabila ya mtu miongoni mwa data nyeti. Sheria hiyo inaupa utafiti nafasi maalumu, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba matokeo yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Nyumba iliyopimwa kwa kosa la mita tano inamtambulisha mhusika hata jina lake likifutwa.

Mfano mwingine unatoka kwa Wamijikenda. Misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008. Baadhi yake hupokea wageni, kama ilivyo Kaya Kinondo, lakini ndani ya kaya zipo sehemu ambazo hata wenyeji hawazikaribii bila idhini ya wazee. Vigango, yaani nguzo za ukumbusho wa wafu ambazo Wagiriama na baadhi ya jirani zao husimika, vimeibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa vilirejeshwa kwa wenyewe kutoka Marekani, baada ya kutambuliwa kwa msaada wa picha iliyokuwa imepigwa na mwanaanthropolojia mwaka 1985. Tukio hilo lina funzo la pande mbili. Kumbukumbu ya mtafiti iliyotunzwa vyema iliweza kuirejesha haki. Kumbukumbu ya aina hiyo hiyo, ikiwa na nambari za mahali na ikaanikwa hadharani, ingemwelekeza mwizi hadi mlangoni.

Hapa ndipo uzuri wa kufanya kazi nje ya mtandao unapoonekana kwa ukamilifu wake. Data zilizo ndani ya simu na hazijatumwa popote bado zinaweza kujadiliwa na wenyewe, kupunguzwa au kufutwa. Zikishafika kwenye mtandao wa umma, maji yamekwisha kumwagika, nayo hayazoleki. Kwa hivyo mtafiti anashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Fomu ya idhini itamke wazi kuwa mahali patarekodiwa, na mhojiwa awe na haki ya kukubali mahojiano na kukataa nukta. Majina na nambari za mahali yasiwekwe katika faili moja. Viunganishwe kwa msimbo unaohifadhiwa kando. Huduma za simu zinazotuma picha na kumbukumbu kwenye mtandao zenyewe zizimwe, kwa kuwa picha nyingi hubeba nambari za mahali ndani yake bila mpigaji kufahamu. Wakati wa kuchapisha, usahihi upunguzwe: kubakisha tarakimu mbili za desimali huiacha nukta katika eneo la takriban kilomita moja, ambalo kwa kawaida hutosha kuonyesha lahaja bila kuonyesha nyumba. Mahali patakatifu pasipimwe kabisa bila ridhaa ya wanaopatunza. Katika OpenStreetMap, ambayo husomwa na ulimwengu mzima, yawekwe yale tu ambayo jamii yenyewe inataka yajulikane, kama vile barabara, shule na zahanati.

Mwisho, ramani irudi ilikotoka. Nakala iliyochapishwa kwenye karatasi na kukabidhiwa wazee, shule au maktaba ya kijiji ni njia nyepesi ya kulipa fadhila. Ni ukaguzi pia: mwenyeji akiona jina la mtaa wake limekosewa, atalisahihisha papo hapo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa simu ya mkononi haihitaji intaneti ili kujua mahali, na kwamba ramani iliyopakuliwa mapema humwezesha mtafiti kufanya kazi kule ambako mawimbi hayafiki. Yamebainisha pia kuwa usahihi wa kifaa hauchukui nafasi ya umakini wa mtafiti, kwa maana nukta sahihi inaweza kubeba tafsiri potovu. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zingefanya vyema kuingiza stadi hizi katika kozi za mbinu za utafiti, zikifundishwa sambamba na maadili badala ya kuachiwa taaluma za jiografia pekee. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuanza kwa hatua ndogo: warsha ya siku moja, simu ambazo wanachama tayari wanazo, na mtaa unaozunguka chuo kama uwanja wa mazoezi.

Mhojiwa anapomfungulia mtafiti mlango, humpa maneno yake na pia humwonyesha nyumba yake. Maneno yatachapishwa kwa manufaa ya wote. Nyumba ni amana, na mwenye amana hutakiwa kuitunza.